Mwamba Uliofungwa kwa Kalenda ya Pweza

Asubuhi ya kuufungua mwamba, Mauwa aliamka na kinyongo, na asingeweza kukuambia ni cha nini, maana kila kitu kilikuwa kimekwenda kama alivyotaka. Tenti la kukodi lilikuwa limesimama mchangani. Sufuria la pilau lilikuwa motoni, na wanawake wa kikundi walikuwa wamevaa vitenge vya sare. Kutoka barabarani mpaka ufukweni, njia ya kumpitishia mgeni rasmi ilikuwa imepambwa kwa magamba makubwa ya chaza, mstari kulia na mstari kushoto, yote yamepakwa chokaa yakawa meupe pe. Njia hiyo ilikuwa fahari yake. Tena ilikuwa ushindi wake, kwa sababu magamba yale yalitoka kwenye rundo la takataka lililomkosesha raha karibu muda wote ambao mwamba ulikuwa umefungwa.

"Magamba yenyewe yanakata," alilalamika Anjelina, mwenzake wa kikundi, akimwonyesha vidole. "Tangu juzi tulipoyapaka chokaa mikono inaniwasha. Kitu kilichokufa zamani hivyo, ukali wa nini?"

"Mikono yako imelala, shoga yangu," akamjibu Mauwa. "Imezoea kukaanga mihogo."

Anjelina hakucheka. Alikuwa anakaanga mihogo kwa sababu Mauwa alimkataza kugonga chaza, na wote wawili walilijua hilo.

Mauwa alikuwa mwenyekiti wa wanawake wanaogonga chaza kwenye mlango wa mto mdogo, mbele kidogo ya Mbezi Beach. Ni kazi ya kuinama. Unangoja bamvua, bahari ipwe mpaka mwamba ubaki wazi, unashuka na ndoo na kipande cha nondo, unamgonga chaza pale alipojiganda mpaka abanduke. Jioni unawapeleka kwenye mabaa, wanachomwa na ndimu na pilipili, wanywaji wanagombania. Mauwa alipoianza kazi hiyo, kabla hajazaa, mwamba wenyewe ulikuwa hauonekani kwa chaza. Walipandana mmoja juu ya mwenzake, na mizizi ya mikoko nayo iliwabeba mpaka ikalemewa.

Halafu watu wakaikata mikoko, wengine kwa kuni, wengine ili waione bahari wakiwa wamekaa vibarazani kwao. Huko juu vilima vikajaa nyumba, na kila mvua iliponyesha mto ukaleta udongo wa viwanja vya watu. Mwisho zikaja mvua za Elinino. Maji ya mto yalikaa pale mlangoni wiki baada ya wiki, chumvi ikapungua, chaza wakaachama na kufa pale pale walipokaa. Samaki maji yakimchukiza anahama. Chaza hana pa kukimbilia, anafia kwake. Wanawake waligonga waliobaki, kisha wakagonga watoto wa waliobaki, na ndoo iliyokuwa ikijaa kabla jasho halijatoka ikawa inarudi nusu.

Aliyeleta wazo la kuufunga mwamba alikuwa Mauwa mwenyewe, na alilileta kwa mbwembwe.

"Kwetu Songosongo tulikuwa tunaufungaga mwamba wa pweza," aliwaambia wenzake. "Miezi mitatu hagusi mtu. Siku ya kufungua, pweza hao! Mmoja unambeba begani kama mtoto. Nyie mnadhani bahari ina ishu gani? Bahari inataka kupumzika tu."

"Pweza ana miguu, da Mauwa," akasema Anjelina, mwanamke wa Mtwara asiyejua kunyamaza. "Atatoka kwingine atakuja. Huyu chaza wako atakuja na nini, bodaboda?"

Wanawake waliangua kicheko. Mauwa hapendi kuchekwa. Alibishana nao kikao baada ya kikao mpaka wakakubali: miezi mitatu, kama ya pweza. Wakaweka na faini, moja kwa atakayegonga chaza, nyingine kwa atakayetupa taka pwani. Naye akaweka kiganja kifuani akaapa kwamba mwamba usipojaa, hatathubutu tena kuomba ufungwe. Kiapo hicho ndicho kilichokuwa kimemkaba siku ile ya kufungua. Mambo yakiharibika leo, kesho wanawake watashuka na nondo, watakwangua mpaka libaki jiwe tupu, naye hatakuwa na mdomo wa kuwazuia.

Kufunga mwamba ni rahisi kusema. Mauwa alishinda pwani kama mgambo. Alifukuza wanawake wa mtaa wa pili, alifukuza vijana waliokuja kujaribu bahati, na siku moja alimkamata Anjelina na chaza wachache ndani ya kanga, wa mteja mmoja tu, alivyodai. Akamtoza faini mbele ya watu. Anjelina alilipa, na kwa muda mrefu hakumpa hata salamu. Mwenyewe Mauwa hakukanyaga mwambani hata mara moja. Kwao, kuuchungulia mwamba uliofungwa ni sawa na kufunua chungu kila dakika, chakula hakiivi.

Na kama vile hayo hayatoshi, akatokea Brightson.

Brightson alikuwa msimamizi wa ghorofa lililokuwa likijengwa juu ya pwani, kijana wa Moshi mwenye adabu ya kukuudhi. Mafundi wake walipochimba shimo la maji taka waliupita mchanga wakakuta magamba ya chaza. Si mawili wala matatu, ni tabaka zima, makubwa kama kandambili, yamelaliana mpaka chini mtu hafikii kwa koleo. Watu walikwenda kushangaa, Mauwa naye akaenda. Alisimama ukingoni mwa shimo, mahali ambapo hata mlio wa mawimbi hausikiki, akaelewa bila kuambiwa kwamba bahari iliwahi kukaa hapo. Palikuwa na mwamba hapo na maji ya chumvi safi, chaza walizaa na kuzeeka bila kugongwa na mtu, kisha bahari ikajiendea zake ikawaacha.

"Hawa ndio mababu wa chaza," alisema fundi mmoja, akilipitisha gamba mkono hadi mkono. Lilikuwa laini kama sahani.

Wengine walistaajabu, Mauwa alikasirika. Aliwafikiria chaza wake wa mwambani, wadogo kama vifungo vya koti, akaona kama wale wafu wanamcheka. Iweje mtu azaliwe wakati kila kitu kimeshaliwa, kimekatwa, kimefukiwa, halafu aonyeshwe na ukubwa wa alichokosa?

Kesho yake hasira ilipata pa kutua. Brightson aliyamwaga magamba yote kwenye mlango wa mto, karibu kabisa na mwamba uliofungwa.

"Wewe kijana, pwani hii dampo lako?"

"Shikamoo mama. Hivi si vitu vya baharini? Nimevirudisha kwao tu."

"Na wewe ukifa nikurudishe Moshi nikumwage barabarani?"

Tangu siku hiyo ikawa vita. Mauwa aliliona lile rundo likichomoza kila maji yakipwa, jeupe, halafu la kijivu, halafu limeota ukungu wa kijani, na kila akiliona mori ulimpanda. Alikwenda serikali ya mtaa mpaka walinzi wakamzoea. Leo mhusika yuko kikaoni, kesho yuko msibani, keshokutwa mama njoo wiki ijayo. Alikwenda wiki ijayo. Mwishowe, sherehe ikiwa imekaribia, Brightson akaambiwa aondoe takataka zake, na akimwaga tena pwani hata koleo moja mjengo wake utasimamishwa. Mauwa alipiga vigelegele peke yake barabarani. Akawaamuru wanawake wachukue magamba mazuri yaliyokuwa juu ya rundo, wayasugue tope, wayapake chokaa, yapendezeshe njia. Yaliyobaki chini yangezolewa na Brightson sherehe ikiisha.

Mgeni rasmi alikuwa Gozbert, afisa uvuvi, Mhaya aliyekulia ziwani akilelewa na sato. Alichelewa, kama ilivyo ada ya wageni rasmi, maji yakawa yameshakupwa hadi mwisho. Alipita katikati ya ile mistari miwili myeupe, akasimama, akatikisa kichwa.

"Mmepapamba kweli, akina mama."

Mauwa alisoma risala. Sauti haikumtetemeka hata kidogo. Alisema bahari imepumzika na leo itawalipa waliovumilia. Kisha Gozbert akakata utepe uliofungwa kati ya vijiti viwili, wanawake wakapiga vigelegele, wakashuka mbio na ndoo zao.

Kwa muda kidogo nondo zilisikika huku na huku. Halafu moja ikanyamaza, ikafuata nyingine, mpaka pakabaki sauti ya maji tu.

Mauwa aliwafuata akiwa ameinua kitenge chake kipya. Mwamba ulikuwa umefunikwa na tope, zito, limegandia kila mahali kama ukoko wa uji chini ya sufuria. Chaza walikuwepo, lakini walikuwa wale wale wachache aliowaacha, wameongezeka kidogo unene. Wapya hakuna. Alipapasa kwa vidole kwenye nyufa, akapapasa upande wa baharini, akapapasa mahali ambapo tangu enzi na enzi chaza hawakosi. Tope.

"Labda," alisema, akizidi kupapasa, "labda tungeongeza mwezi mmoja."

Gozbert alikuwa amechuchumaa na viatu vyake vya ngozi. Alisugua mwamba kwa kidole gumba, akakitazama.

"Mama, pweza ndani ya miezi mitatu ameshanenepa. Chaza anataka mwaka, tena na zaidi. Na kabla ya kukua anataka pa kukaa. Mtoto wa chaza anaogelea siku chache tu, mdogo hata humwoni, kisha anatafuta kitu kigumu, kisafi, ajigande hapo maisha yake yote. Akikosa, basi tena. Sasa hapa ajigande wapi?"

"Na mbona hukutuambia mapema?"

"Mlinialika kufungua, mama. Wakati wa kufunga hamkuniita."

Hakulisema kwa dharau, na hilo ndilo lililomuuma Mauwa zaidi. Angemdharau, angepata wa kugombana naye.

Pilau lililiwa kama la msibani. Gozbert alikula, akashukuru, akaomba udhuru. Gari lake lilipopotea, Anjelina alisimama akakung'uta kitenge.

"Haya. Kesho bado bamvua, na mie kesho nashuka na nondo. Waliopo wagongwe wote, wakubwa kwa wadogo, wakiisha wamekwisha. Nina watoto wanataka kula, sina mwamba wa kulea. Na hautafungwa tena, da Mauwa, hata ukija na malaika."

Mauwa aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa anaangalia sahani yake. Akaondoka akaifuata njia yake nyeupe kuelekea barabarani.

Katikati ya njia hasira zikamzidi. Aliyapiga teke magamba, moja, jingine, mpaka kandambili ikamtoka mguuni. Akainama akaokota gamba moja kubwa alirushe mbali na macho yake, na papo hapo likamchana kiganja. Damu ikatiririka juu ya chokaa.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," alijinong'oneza, akalinyanyua tena gamba ili alirushe vizuri.

Hakulirusha. Alikumbuka lile gamba la shimoni lililopita mikononi mwa mafundi, laini kama sahani. Hili lilikuwa na kingo juu ya mgongo wake, ndogo ndogo, kali, zimebanana. Alilifuta chokaa kwa pindo la kitenge. Chini ya chokaa kulikuwa na vichaza. Wadogo kama ukucha, wamejiganda bega kwa bega, kila mmoja na midomo yake myembamba inayokata kama wembe. Akaokota gamba la pili, akalifuta. La tatu. Yote yalikuwa yamejaa. Alichomoa kibanio kichwani akambandua mmoja akamfungua. Mkavu. Akamfungua mwingine. Mkavu. Alishuka magotini akaenda gamba kwa gamba pembeni mwa ile njia, akifungua na kutupa, akifungua na kutupa, na hakumpata hata mmoja mwenye unyevu.

Kumbe walikuja. Miezi mitatu yote aliyokuwa akiulinda mwamba, chaza walikuja kweli, wakaliona tope la mwambani wakalipita, wakakaa juu ya mifupa ya wazee wao, mahali pagumu na pasafi, hapo hapo kwenye takataka ya Brightson. Na yeye ndiye aliyewapigania waondolewe. Yeye ndiye aliyewatoa majini, akawaanika juani, akawapaka chokaa, kisha akampitisha mgeni rasmi katikati yao aje aone kwamba mwambani hamna kitu. Mauwa alitoa sauti ambayo hata mwenyewe hakuitambua.

Ndipo akasikia injini. Kirikuu, ile pikapu ndogo ya mjengoni, ilikuwa imerudi kinyumenyume mpaka karibu na maji, na vibarua wa Brightson walikuwa wanatupia ndani magamba ya mwisho. Mauwa alikimbia akiwa na mguu mmoja wenye kandambili. Magamba yaliyokuwa nyuma ya gari yalikuwa bado yanachuruzika maji. Akanyakua moja, akachomeka kibanio. Kichaza kilifumba midomo kwa nguvu, kikatema tone la maji kidoleni mwake.

"Rudisha," alisema akihema.

"Nirudishe nini, mama?" aliuliza Brightson.

"Hiyo takataka. Imwage ulipoitoa."

Brightson alicheka, halafu akamtazama usoni akaacha. "Mama mwenyekiti, si ni wewe uliyenipeleka serikali ya mtaa? Nimeambiwa nikimwaga hata koleo moja, mjengo unasimama. Bosi atanifukuza kazi."

"Tazama basi! Tazama hapa, hivi vitoto, vyote hivi ni chaza, viko hai."

Brightson aliinamisha kichwa akatazama kwa heshima. "Mie naona magamba, mama."

"Nitaongea nao mwenyewe hao wa serikali ya mtaa. Nitafuta maneno yangu yote."

"Sawa. Ukija na ruhusa, namwaga mbele yako, na nitakusaidia kuyapanga. Ila leo Jumamosi, wamefunga. Mpaka Jumatatu."

Jumatatu. Mauwa aliangalia jua lilivyokuwa likiunguza bati la gari, akaangalia maji ya bahari ambayo tayari yalikuwa yameanza kurudi, yanalamba matairi. Miezi yote ile aliimba faini, sheria, taka, mpaka watu wakamsikia. Ndio kwanza wamemsikia.

Hakuomba tena. Alikanyaga tairi, akapandisha goti, akajivuta mpaka nyuma ya kirikuu, kitenge cha sare kikapasuka mshono. Akashika gamba kwa mikono miwili akalirusha majini. Akashika jingine.

"Mama, mama! Unaniponza!" Brightson alipiga kelele, lakini hakujua amshike wapi, mwanamke wa umri wa mama yake.

Wanawake walikuja mbio kutoka kwenye tenti, wengine na sahani mkononi. Walimkuta mwenyekiti wao amesimama juu ya gari la takataka, kiganja kinamtoka damu, anaitupa baharini kwa nguvu zake zote ile takataka aliyowasumbua nayo msimu mzima. Hakuna aliyeelewa. Mmoja alidhani amepagawa, akaanza kumsomea dua.

Anjelina alifika mbele kabisa, akashika kiuno. Lazima alikuwa amelingoja neno hilo tangu siku ile ya chaza wa kwenye kanga.

"Da Mauwa! Kutupa taka pwani ni faini! Sheria si yako?"

Mauwa hakugeuka. Alichagua gamba lililobeba vichaza wengi kuliko yote, akalipangusa mchanga kwa kitenge kilichopasuka.

"Nitozeni," alisema, akalirusha.